Marahaba ya Mbali

Saa kumi na moja alfajiri, mama mmoja wa Kigogo alitoka kwake kwenda soko la Mabibo kufuata ndizi. Njia hiyo ameipita miaka tisa. Mkononi alikuwa na ndoo tupu na kanga ya kufungia mzigo, fedha kazifunga kwenye kitambaa na kuzificha kifuani, simu iko mfukoni mwa koti. Alipokaribia uchochoro unaotokea barabarani, kijana mmoja alijitenga na ukuta, akainamisha kichwa kidogo kama mtoto aliyelelewa, akasema, "Shikamoo mama."

Mama akasimama. "Marahaba mwanangu."

"Samahani mama, daladala za Mbezi saa hizi zinapatikana wapi?"

Mama akageuka amwonyeshe. Alipoinua tu mkono, kijana wa pili alikwishafika mgongoni kwake, na mkono ukapita shingoni. Dar es Salaam tunaiita roba, Nairobi wanaiita ngeta. Alipozinduka alikuwa amelala ubavu kando ya mtaro. Simu hakuna, fedha hakuna, na koo lilimuuma kiasi cha kunywa uji mtupu siku nne.

Alinisimulia haya akiwa amekaa kwenye mkeka wa darasa letu, na haja yake ilikuwa moja: "Mwalimu, nifundishe kuutoa ule mkono." Nilimfundisha, na nitaeleza mbele kidogo. Lakini kwanza nilimwomba akisimulie tena kisa chake, polepole, kuanzia pale ukutani. Tulikadiria kwamba tangu kijana yule ajitenge na ukuta mpaka mkono upite shingoni, zilipita sekunde kama kumi na mbili. Ndani ya sekunde hizo mama alisimama, akaitikia, akaacha asogelewe, kisha akageuza uso. Yote manne aliyafanya kwa sababu ni mtu mwema aliyefunzwa na wazazi wake. Hakuna hata moja ambalo ningeliita uzembe.

Nimefundisha kujihami kwa miaka kumi na tisa, wanaume kwa wanawake, na kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu ningechagua hili: anayetaka kukudhuru huanza na adabu yako kabla hajafika kwenye mwili wako. Salamu, samahani, "dada naomba nikuulize", "mama nikusaidie mzigo", "shemeji umenisahau?" Hizo ndizo funguo anazojaribu mlangoni. Mlango ukifunguka, nguvu zinazobaki kutumika ni kidogo sana. Ndiyo maana wengi waliowahi kukabwa hukuambia, "Hata sikujua imeanzaje." Ilianza pale walipoitikia.

Sijalelewa hivyo kwenye mchezo wenyewe. Mimi ni mtu wa karate, na Dar es Salaam karate ina mizizi yake. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianzisha darasa la karate ya Goju Ryu pale shule ya Zanaki akaliita Hekalu la Kujilinda, na wengi tunaofundisha leo tumetokana na mti huo kwa tawi moja au jingine. Tulifundishwa nidhamu, pumzi, namna ya kusimama, namna ya kupiga. Ninaushukuru urithi huo kwa moyo wangu wote. Lakini mazoezi ya ukumbini huanza pale watu wawili wanapoinamiana na kila mmoja anajua mwenzake amekuja kupigana. Mtaani hakuna anayekuinamia ili mpigane. Akikuinamia, ni kwa shikamoo.

Miaka ya mwanzo nilifundisha kama nilivyofundishwa. Binti mmoja aliyefika mkanda wa kahawia, mwepesi wa miguu, mzuri kuliko vijana wengi wa rika lake, aliporwa mkoba kituoni jioni na wavulana wawili ambao mmoja wao alikuwa mdogo kuliko yeye. Alikuja kesho yake akaniambia, "Mwalimu, sikukumbuka hata kitu kimoja." Najua mbinu alizokuwa nazo, kwa sababu mimi ndiye niliyempa: zaidi ya arobaini. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Uingereza, William Edmund Hick, alionyesha kwa vipimo kwamba kadiri mtu anavyokuwa na machaguo mengi, ndivyo anavyochelewa kuamua. Mimi nilikuwa nimemjaza binti yule machaguo arobaini, na mtaa ulimpa sekunde moja. Tangu siku hiyo nimepunguza mbinu za mikono mpaka zikabaki nne, na muda uliobaki nimeupeleka kwenye zile sekunde kumi na mbili.

Mwizi huchagua. Hili watu wengi hulijua nusu nusu, wakidhani anachagua kwa kutazama dhahabu na simu. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Betty Grayson na Morris Stein, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwapiga picha za video watu wakitembea barabarani New York, kisha wakawaonyesha wafungwa waliokuwa gerezani kwa makosa ya kushambulia watu, wakiwauliza ni nani kati ya hawa angekuwa rahisi. Wafungwa walikubaliana kwa kiasi kikubwa, na kilichowaongoza kilikuwa mwendo: hatua ndefu mno au fupi mno kwa urefu wa mtu, mikono na miguu isiyokwenda pamoja, mwili unaotembea kama vipande vilivyoachana.

Nikisoma matokeo hayo namwona mtu anayeshuka daladala Mwenge saa mbili usiku, uso umezama kwenye mwanga wa simu, anaandika huku anavuka, sikioni kaweka visikilizio. Mwendo wake ni wa mtu ambaye hayupo. Simu haimponzi kwa bei yake tu. Inamponza kwa sababu imemwondoa mahali alipo. Ninachowaomba wanafunzi wangu ni kidogo. Ukishuka kwenye gari, simama pembeni kwenye mwanga, maliza ulichokuwa unaandika, weka simu ndani, tazama kushoto na kulia kama mtu mwenye nyumba anavyotazama uani kwake, ndipo uanze kutembea. Ni nusu dakika tu. Mtu akikutazama, mtazame naye mara moja usoni, uendelee na safari yako. Huna haja ya kumkazia macho kama unayetaka ugomvi. Mtazamo mmoja unamwambia, "Nimekuona," na kwa kibaka hilo ni tangazo la hasara, kwa sababu kazi yake nzima ni ya kushtukiza.

Kuhusu wanaokwapua kwa pikipiki, somo ni fupi. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo ukitembea upande wa kulia wa barabara unayaona yanayokujia, na pikipiki haiwezi kukutokea mgongoni bila kuvunja njia yake. Mkoba uwe upande wa ukutani. Wanaouvaa shingoni na kwapani ili usinyakuliwe nawaomba wafikiri tena: mkanda usiokatika humburuza mwenye mkoba kwenye lami. Mkoba ukishikwa na mtu aliye juu ya pikipiki, uachie.

Sasa umbali, na hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo penye ufundi. Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya vipimo alivyofanya na wenzake: mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani mita sita na kidogo, akakufikia ndani ya sekunde moja na nusu hivi. Aliandika kwa ajili ya askari wenye bunduki, akiwaonya kwamba hata wao wanaweza wasiwahi kuichomoa. Wewe na mimi hatuna bunduki. Fikiria basi mtu aliyesimama mbele yako umbali wa mkono, akikuuliza saa. Hakuna mkanda mweusi duniani utakaokuokoa kwa umbali huo kama nia yake ni mbaya na zamu ya kuanza ni yake. Kwa hiyo ulinde umbali kuliko unavyoilinda pochi. Mtu usiyemfahamu akikusemesha mahali pasipo na watu, usisimame palepale. Endelea kusogea kwa kujipinda, ili yeye abaki mbele yako na mgongo wako uwe upande ulioukagua. Mkono mmoja uinuke usawa wa kifua, kiganja kikimwelekea, kama unavyomzuia dereva wa bajaji asikugonge. Mkono huo unasema, na ikibidi unakinga.

Yule anayetaka kujua kweli daladala za Mbezi ataongea akiwa mita tano. Hana sababu ya kuja karibu. Anayeendelea kusogea baada ya kuona kiganja amekwishajibu swali ambalo hukumuuliza.

Hapo ndipo sauti inapoingia, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama, hasa kinamama watu wazima. Kiganja wanaweza kuinua. Kuinua sauti hawawezi. Nimeona mwanamke anayebeba gunia la mkaa kichwani akishindwa kutamka "Rudi nyuma!" mbele ya kijana wa mazoezi, akaanza kucheka kwa aibu na kuziba mdomo kwa kanga. Koo lake halina ubovu wowote. Akimwita mtoto wake husikika mitaa mitatu. Kinachomzuia ni mafunzo ya miaka hamsini kwamba mwanamke mwenye heshima haropoki njiani. Tunarudia mara kumi, mara ishirini, mpaka sauti itoke tumboni. Siku inapotoka, ukumbi mzima hunyamaza.

Wanaodhani haya ni mambo ya maneno tu watazame Nairobi. Kwa miaka kadhaa wasichana wa shule katika mitaa ya mabanda ya jiji hilo wamefundishwa kozi ya wiki sita ambayo huanza na haki ya kukataa, ikaja sauti, ikamalizia na mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics ulifuatilia karibu wasichana 2,000 wa umri wa miaka 13 hadi 20. Kwa waliofundishwa, mashambulizi ya ngono yalishuka kutoka 17.9 hadi 11.1 kwa kila wasichana 100 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao walisema wametumia walichojifunza kuzuia shambulio. Mwaka uliofuata, watafiti wa Kanada wakiongozwa na Charlene Senn walitoa matokeo yao kutoka vyuo vikuu vitatu: baada ya mafunzo ya saa kumi na mbili, waliobakwa ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 5.2, wakati kwa wenzao waliopewa vijarida tu walikuwa asilimia 9.8. Saa kumi na mbili! Hakuna anayekuwa mpiganaji kwa saa kumi na mbili. Kinachoweza kubadilika kwa muda huo ni ruhusa ambayo mtu anajipa mwenyewe.

Na Korogocho, Nairobi hiyohiyo, wako mabibi waliojiita Cucu Jukinge, wanawake wazee waliokusanyika kujifunza kupiga na kupaza sauti kwa sababu wabakaji walikuwa wakiwalenga wao, bibi wa miaka sitini na sabini. Kila mtu anaponiambia kwamba umri wake umeshapita, mimi humtajia hao.

Useme nini basi? Nimelijadili hili na wanafunzi kwa miaka, na nina msimamo ambao baadhi ya walimu wenzangu hawaupendi. Usipige kelele za "Mwizi!" kama una neno jingine. Sote tunajua neno hilo linafanya nini katika miji yetu. Habari ya wananchi wenye hasira kali tumeisoma mara nyingi mno: tofali, tairi, petroli, na baadaye inajulikana kwamba aliyekufa alikuwa anakimbilia basi. Mimi sifundishi mtu kujiokoa kwa neno linaloweza kumchoma moto mtoto wa mwenzake. Isitoshe, kwa usalama wako neno hilo ni butu, kwa kuwa halimwambii anayesikia nani, wapi, na afanye nini. Sema kinachoonekana: "Wewe mwenye jezi nyekundu, rudi nyuma! Usinisogelee!" Kwa sentensi hiyo kila aliye dirishani amekwishajua nani anamfuata nani, na mwenye jezi amejua kwamba sasa anajulikana.

Kisha mwite mtu mmoja. John Darley na Bibb Latané, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha mwaka 1968 kwamba mtu anayejua wengine nao wanasikia huchelewa kusaidia, kila mmoja akimtegea mwenzake. Kwa hiyo usiwaite "jamani". Nyoosha kidole: "Kaka mwenye mkokoteni, njoo hapa!" Ukimchagua, umemwondolea mahali pa kujificha. Ninaamini watu wetu wana moyo wa kusaidia. Wanachokosa mara nyingi ni kuambiwa kwamba ni wao.

Na kama wamekuzidi, wana panga au kisu na wanataka vitu, wape. Wazee walisema mwenye nguvu mpishe, na walisema tena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sijapata kuhudhuria msiba wa simu. Nimehudhuria misiba miwili ya watu waliopigania simu. Toa taratibu, sema unachofanya kabla hujakifanya: "Simu iko mfukoni, naitoa." Wakitaka namba ya siri ya fedha zako za mtandao, wape pia. Ulinzi wa hilo huwekwa nyumbani kabla hujatoka: laini unayotembea nayo iwe na fedha za siku mbili, akiba ikae kwenye laini au akaunti ambayo haimo ndani ya simu hiyo. Piga *#06# leo, nakili namba za utambulisho wa simu yako kwenye daftari, ili ukiibiwa uwe na cha kuwapa polisi, na namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako uikariri kama unavyokariri ya mwenzi wako, kwa kuwa utahitaji kufunga laini ukiwa huna simu.

Lipo jambo moja lisilotolewa. Wakitaka uende nao, iwe garini, kichochoroni au kwenye jengo ambalo halijaisha, hapo hawataki tena vitu. Aliye na kisu mbele ya watu ana haraka na ana hofu. Akikufikisha mahali pake, haraka yake inakwisha. Hapo ndipo ninapofundisha kupigana kwa nguvu zote, kupiga kelele, kujiangusha chini, kushika nguzo. Taksi bubu yenye abiria wawili tayari nyuma, na dereva anayekuambia "panda mbele nikusogeze", ni mwaliko wa namna hiyohiyo uliovaa ukarimu. Kataa kabla mlango haujafungwa.

Turudi kwenye ule mkono wa shingoni, kama nilivyoahidi.

Roba inaua kwa njia mbili. Mfupa wa mkono ukikaa katikati ya koo, unabana njia ya hewa. Kiwiko kikikaa katikati, mkono unabana mishipa mikubwa ya damu pande zote mbili za shingo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kumi au pungufu. Kwa hiyo huna muda wa kumtafuta aliye nyuma yako kwa ngumi. Jambo la kwanza ni kidevu: kiteremshe kifuani, ukikigeuzia upande kiliko kiwiko chake, kwa sababu pale kwenye mkunjo ndipo pana nafasi ya hewa. Wakati huohuo mikono yako yote miwili ishike mkono wake karibu na kiwiko, vidole kama ndoano, uvute kwa kushuka chini. Usivute kwa misuli, ning'iniza uzito wako wote hapo kama unavyoning'inia kamba ya kisima. Kunja magoti, teremsha makalio, kwa maana yeye anataka kukuinua juu ya visigino, na mtu aliyesimama kwa vidole vya miguu hana nguvu. Ukishapata pumzi moja, piga hatua ya pembeni, mkono mmoja ushuke upige kinena chake, mara moja, mara mbili, kisha jigeuzie upande wa kiwiko utoke. Ukitoka, kimbia. Usibaki kumlipa.

Mama wa Kigogo alifanya zoezi hili na binti yangu akiwa nyuma yake. Mara ya kwanza alifanya kile ambacho kila mtu hufanya: alirusha kichwa nyuma, akainua kidevu akitafuta hewa, akampa mkono koo lote. Mwili hukosea hapo siku zote, na kusoma safu hii hakutoshi kuusahihisha. Tafuta mwenzako, tafuta mwalimu, fanyeni polepole, na anayebanwa akigonga mara mbili kwa kiganja mwachie papo hapo.

Mbinu tatu zilizobaki nitazipita haraka. Ni kiganja kilicho wazi kuelekea pua na macho, goti kuelekea kinena, na kuinuka kutoka chini huku miguu ikitangulia kumsukuma aliyekuangusha. Zote zina lengo moja, nalo ni kukupatia sekunde mbili za kukimbilia kwenye watu na mwanga.

Sheria inalikubali hilo, kwa kipimo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali yake, lakini inasema pia kwamba nguvu iwe ile ya lazima na inayolingana na hatari. Ukizidisha utawajibika, na nguvu iliyopitiliza ikiua, unashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Kwa lugha ya mkekani: ukiwa umekwishatoka kwenye roba na yeye ameanguka, teke la pili la kichwa halimo tena kwenye kujihami.

Nimeandika sana juu ya uchochoro, na nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Kwa mwanamke, uchochoro si mahali pa hatari kuu. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na 51,100 kati yao waliuawa na wenzi wao au watu wa familia. Wasichana wa Nairobi nao, walipoulizwa nani aliwashambulia, waliwataja zaidi watu wanaowafahamu, wakiwemo marafiki zao wa kiume. Kikulacho ki nguoni mwako. Januari 27, 2024 maelfu ya wanawake wa Kenya waliandamana kupinga mauaji ya wanawake wenzao, na vilio vyao vingi vilihusu wanaume waliojulikana kwa jina, waliopokewa kwa chai.

Kwa watu wa namna hiyo, zile sekunde kumi na mbili zinaweza kuwa miezi. Ni mpenzi anayetaka kuona simu yako kila jioni. Ni mjomba anayemwambia mtoto "hii ni siri yetu". Ni bosi anayekuita ofisini wenzako wakishaondoka, akifunga mlango kwa sababu ya kiyoyozi. Kiganja kilekile na sauti ileile vinahitajika hapa, na ni vigumu mara mia, kwa kuwa anayezuiwa ana shikamoo yake ya haki. Mtoto afundishwe kwamba shikamoo si kibali cha kushikwa. Nasema na wazazi: mtoto akikataa kumkumbatia mgeni, usimlazimishe mbele za watu. Unamfundisha siku hiyo kwamba hapana yake haina thamani, na siku moja ataihitaji.

Na kwa yule ambaye aliganda, ambaye hakupiga kelele wala hakupigana, nina neno. Mwaka 2017 madaktari wa Sweden walichapisha mahojiano na wanawake 298 waliofika kliniki ya waliobakwa mjini Stockholm. Asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa, mwili ukigoma kutii. Huo si uoga wala kibali. Ni mwili uliochagua njia yake ya kubaki hai bila kukuuliza, na yeyote anayekuuliza "kwa nini hukupiga kelele" hajui anachosema. Nenda hospitali mapema iwezekanavyo: dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hufaa zikianza ndani ya saa 72. Usioge wala kufua nguo kwanza. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe, ila isiwe sababu ya kuchelewa. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya dharura ni 112 na ya watoto ni 116. Kenya, piga 1195.

Mama wa Kigogo alikaa nasi miezi mitatu. Jumamosi moja alichelewa darasani, akaingia huku anacheka peke yake. Alfajiri hiyo, kwenye uchochoro uleule, kijana alikuwa amesimama na begi. "Shikamoo mama."

Alisema moyo ulimruka mpaka mdomoni. Lakini miguu haikusimama. Ilijipinda kuelekea kwenye taa ya duka, mgongo ukaenda ukutani, kiganja kikapanda kifuani, macho yakapita nyuma ya kijana na nyuma yake mwenyewe. Ndipo akaitikia, kwa sauti ambayo mwenye duka aliisikia akachungulia: "Marahaba! Ongea ukiwa hapohapo."

Kijana alisimama hapohapo. Alikuwa ametoka mkoani usiku huo, anatafuta nyumba ya dada yake, na akataja mtaa. Mama alimwelekeza kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukibaki juu, akamwambia apite kona ya pili penye kisima, asipite ya kwanza. Kijana akashukuru, akapita upande wa pili wa njia.

"Mwalimu," aliniambia, akikunja kanga yake kuiweka pembeni ya mkeka, "na salamu nimeitikia."

Kisha akasimama katikati na kumwita binti yangu aje nyuma yake amkabe.